Mkopo si huduma: maswali tunayoulizwa kuhusu bajeti ya halmashauri na watu wenye ulemavu

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Mara ya kwanza kuingia kwenye kikao cha bajeti alikuwa na miaka mitano, nikiwa nimembeba mgongoni kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Leo ana miaka 11 na habebeki tena, na mimi bado nahudhuria vikao. Wazazi wenzangu, watu wenye ulemavu na hata watendaji wa mitaa huniuliza maswali yaleyale kila msimu, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu tuliyojifunza kikundini kwetu. Yanahusu zaidi Tanzania Bara, na hasa halmashauri, maana huko ndiko mwananchi wa kawaida anakoweza kuisogeza shilingi kwa miguu yake mwenyewe.

Mnadai nini tena, wakati asilimia mbili ipo?

Hili utaulizwa kabla hujakaa kwenye kiti, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, iliongezewa kifungu cha 37A mwaka 2018. Kifungu hicho kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Watu walipigania jambo hili miaka mingi, na mimi siwezi kulibeza. Namfahamu fundi viatu anayetembelea magongo ambaye leo ana kibanda chake kutokana na mkopo huo.

Lakini ni mkopo. Unachukuliwa, unazungushwa, unarudishwa. Mtoto wa miaka mitano asiyeweza kukaa mwenyewe atakopa afanye biashara gani? Kiziwi aliyelazwa wodini akihitaji mkalimani ili daktari amwelewe, gharama ya mkalimani huyo atairejesha kwa mauzo yapi? Mzee aliyepata kiharusi na kupooza upande mmoja anahitaji mazoezi tiba mara tatu kwa wiki. Mazoezi hayana faida ya kugawana mwisho wa mwezi.

Chukua mfano wa halmashauri ambayo mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa mapato lindwa (yale ambayo tayari yana matumizi yake maalumu), ni shilingi bilioni 3. Asilimia 2 ni milioni 60. Fedha hizo zikitolewa zote, na wakopaji wote wakirejesha, mwisho wa mwaka zimerudi mfukoni mwa halmashauri. Kwa upande wa huduma, yaani kile anachopewa mtu ili aishi, asome na atibiwe, kilichotumika ni sifuri. Ndiyo maana mtu akinitajia asilimia mbili huwa namuuliza kwa upole: ukiacha mikopo, kuna kasma gani nyingine, yaani fungu gani la bajeti, kwa ajili yetu? Mara nyingi makaratasi huanza kupekuliwa, na ukimya unaofuata unatosha kuwaonyesha madiwani hali ilivyo.

Jambo la pili. Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo hii nchi nzima ili kupanga upya utaratibu, na ilirejea 2024. Kusitisha kulikuwa na sababu zake, maana ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zilikuwa zimeonyesha mara kwa mara fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyoonekana. Lakini fikiria matibabu ya mtoto wako yangekuwa yananing'inia kwenye kamba hiyo. Huduma haiwezi kusimama mwaka mzima ikisubiri mfumo wa mikopo utengenezwe. Misuli ya mtoto haisubiri.

Huduma mnazosema ni zipi hasa?

Usiende kikaoni ukasema "tusaidiwe". Taja kitu. Kiti mwendo kilichopimwa kwa mwili wa mtu, pamoja na fedha ya tairi na beringi zinapokwisha, na fundi wa kukitengeneza asiyekuwa safari ya siku nzima. Mtaalamu wa mazoezi tiba anayefika kituo cha afya cha kata walau siku moja kwa wiki. Mkalimani wa lugha ya alama hospitali ya wilaya. Shimesikio na betri zake, maana kifaa bila betri ni kipambo. Fimbo nyeupe. Mafuta ya kukinga ngozi na jua kwa wenye ualbino, ambayo hutengenezwa hapahapa nchini, Moshi, na ambayo ndiyo kinga dhidi ya saratani ya ngozi inayowaua mapema. Chakula, mlezi na usafiri kwa watoto wa kitengo cha elimu maalumu shuleni. Vitengo vingi vina mwalimu, lakini mtoto hafiki kwa sababu hakuna wa kumsukuma kilomita nne.

Na msaidizi wa nyumbani. Hili hatulitaji vya kutosha, labda kwa sababu tumezoea kwamba msaidizi ni mama. Mimi niliacha kazi. Katika kikundi chetu cha wazazi 23, walioacha kazi au kufunga biashara ni 17, na wote ni wanawake. Serikali haioni gharama hiyo kwenye kitabu chochote, lakini imelipwa na inaendelea kulipwa.

Utaalamu si kwamba haupo. Moshi kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Kinachokosekana ni nafasi za ikama, yaani za ajira zilizoidhinishwa, huku wilayani ili wahitimu hao waajiriwe karibu na wanaowahitaji.

Sheria inatulinda kiasi gani? Tunaweza kuishtaki halmashauri?

Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Inapendeza kuisoma kikaoni. Ila ujue kwamba ipo katika sehemu ya Katiba ambayo, kwa mujibu wa Ibara ya 7, haitekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Ni mwongozo kwa Serikali. Kwa hiyo mlango wa mahakama kwa hoja hiyo peke yake ni mwembamba, na hii ndiyo sababu mimi nimeweka nguvu zangu kwenye bajeti.

Yenye meno zaidi ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Inaunda kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa hadi mkoa, na inaanzisha Mfuko wa Taifa kwa ajili yao. Anza na kamati. Andika barua uulize: kamati ya mtaa wetu ipo? Wajumbe ni akina nani? Ilikutana lini mara ya mwisho, na ilitengewa kiasi gani? Kamati isiyo na hata fedha ya nauli ya wajumbe ni jina tu kwenye faili.

Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mkataba unakubali kwamba nchi itatekeleza haki za kijamii hatua kwa hatua kulingana na uwezo wake. Maofisa hupenda neno "hatua kwa hatua". Wewe liombee ushahidi: hatua ya mwaka jana ilikuwa ipi, ya mwaka huu ni ipi?

Kwa nini Serikali? Mashirika na wahisani si wapo?

Nawashukuru kwa dhati. Kiti cha kwanza cha mwanangu tulipewa na shirika. Kilikuwa cha mtu mzima, tukakijaza mito. Baada ya miezi kumi tairi la mbele likatoka, mradi ukawa umekwisha, na waliokileta walikuwa wamehamia mkoa mwingine. Sina kinyongo nao, walikuwa na muda wao na walifanya walichoweza ndani yake. Lakini ulemavu wa mwanangu hauna muda wa mradi.

Wahisani huchagua wilaya, huchagua aina ya ulemavu, na siku moja huondoka. Barabara hatuombi kwa wahisani kila mvua ikinyesha, kuna fungu na kuna wakala. Mwalimu wa darasa la kwanza hatumsubiri aletwe na kanisa. Tunataka mtu anayehitaji mkalimani au mguu bandia ahesabiwe hivyohivyo, kama mlipa kodi na mwananchi, siyo kama tukio la kupigwa picha kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu.

Na TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini?

TASAF huangalia umaskini wa kaya, na kazi hiyo inaifanya. Mwalimu mwenye mshahara ambaye mtoto wake anahitaji mazoezi tiba hataingia humo, na mshahara wake utaishia kwenye nauli. Umaskini na gharama za ulemavu ni mambo mawili, ingawa hukutana nyumba moja mara nyingi mno.

Nchi yetu ni maskini. Fedha zitoke wapi?

Kwanza, baadhi ya tunayoyataka hayahitaji fedha mpya. Choo cha kituo cha afya kikijengwa na mlango mpana na njia ya mteremko tangu mwanzo, nyongeza yake ni ndogo. Kukibomoa baadaye ndiko kunakogharimu. Mafunzo ya lugha ya alama kwa wauguzi wawili yanaweza kuingia kwenye fungu la mafunzo lililopo tayari.

Pili, jirani zetu nao si matajiri. Kenya hulipa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, kupitia mpango wa Inua Jamii. Kiasi ni kidogo na wenyewe hulalamikia ucheleweshaji, lakini ni mstari uliomo kwenye bajeti ya taifa na mbunge anaweza kuusimamia. Karibu zaidi, Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, bila kumuuliza kama ni maskini au tajiri, kwa fedha za Serikali yenyewe. Huo ni mpango wa wazee, lakini nautaja kila mara kwa sababu unaonyesha kwamba hazina ndogo ikiamua inaweza kubeba ahadi ya kudumu.

Tatu, kuna gharama ya kutofanya. Jeraha la kukalia kiti kibaya huishia kulazwa wiki nyingi. Mama anayeacha kazi anaacha na kulipa kodi. Hoja hii naitumia kwa uangalifu, maana sitaki mtoto wangu ahudumiwe kwa sababu ni nafuu kumhudumia. Lakini mweka hazina ana haki ya kujibiwa kwa lugha ya hesabu, na sisi tuwe nayo.

Tuanze lini?

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Watu wengi huja kwetu Mei au Juni, wakiwa wamesikia Bunge la Bajeti redioni, wakitaka tuandamane na maombi. Kwa ngazi ya halmashauri, wakati huo mlo umeshapakuliwa.

Vipaumbele huibuliwa kwenye vijiji na mitaa kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, kisha hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu kwa wataalamu wa halmashauri, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na Baraza la Madiwani. Kazi hiyo hufanyika zaidi kati ya Oktoba na Februari. Ikitoka hapo inapita mkoani na TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, na kuanzia Aprili iko Dodoma. Kwa hiyo sisi huanza Septemba. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hufanyika walau kila miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana sauti pale. Tukose wote lakini mkutano wa Septemba au Oktoba tusikose, na tusitoke hadi tumesikia ombi letu likisomwa kwenye muhtasari. Lisiloandikwa kwenye muhtasari wa kijiji huwa gumu kulidai kwenye kata, na wilayani utaambiwa halikuletwa.

Ukishindwa ngazi ya chini, usikate tamaa. Nenda kwa diwani kabla ya Kamati ya Fedha. Madiwani wa viti maalum wametusikiliza mara nyingi kuliko wengine, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya akiwa upande wenu anaweza kuliingiza jambo kupitia idara yake.

Twende na nini mkononi?

Karatasi moja. Tuliwahi kupeleka kabrasha la kurasa 14 na hakuna aliyelifungua.

Kwenye karatasi hiyo weka watu, bei na mstari. Watu: idadi yenu, umri na mahitaji, kwa kila mtaa, bila kutaja majina. Bei: ankara kifani (karatasi za bei kabla ya kununua) mbili au tatu kutoka kwa wauzaji halisi, ili mweka hazina asiseme hajui gharama. Mstari: mnataka fedha hiyo ikae kwenye idara gani na iitweje. Hapa ndipo wengi huteleza. Ombi lisilo na idara ni yatima, kila mkuu wa idara atalitazama kwa huruma na kulisogeza kwa mwenzake.

Sisi mwaka wa pili tuliandika hivi: "Tunaomba Idara ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe itenge kasma ya huduma saidizi kutoka mapato ya ndani, nje ya asilimia 2 ya mikopo, kwa ajili ya (a) nauli na posho ya mtaalamu wa mazoezi tiba kutembelea vituo vitatu vya afya kila wiki, (b) matengenezo ya viti mwendo." Mawili tu. Mwaka wa kwanza tuliomba mambo 11 na hatukupata hata moja.

Kama hamjui bajeti iliyopo ina nini, iombeni kwa barua mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Wakituambia idadi yetu ni ndogo?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kati ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, asilimia 11.2 walikuwa na ulemavu. Watoto chini ya miaka 7 hawamo kwenye asilimia hiyo, na hao ndio wanaofaidika zaidi na huduma ya mapema. Itumie takwimu ya taifa kufungua mazungumzo, kisha weka mezani daftari lenu. Tulizunguka mitaa minne Jumamosi nane, tukapata watoto sita ambao majirani hawakujua kama wapo.

Mbunge ameahidi kuleta viti mwendo 20. Tumkatalie?

Pokeeni, na kila kiti kipimwe kwa anayekipewa. Kisha mwombeni mbele ya watu asimamie kasma ya kuvitengeneza. Kiti ni siku moja, matengenezo ni miaka.

Nani aseme kikaoni, sisi wazazi au wenye ulemavu wenyewe?

Wenyewe, kila inapowezekana. Nililijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa nimesimama nikieleza shida za viziwi, na kijana kiziwi aliyekaa nyuma yangu hakuwa na wa kumtafsiria hata neno moja nililosema kwa niaba yake. Tangu siku hiyo barua yetu ya kuomba nafasi kikaoni huomba na mkalimani. Vyama vipo: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, TAS kwa wenye ualbino, na vingine vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA. Tafuteni tawi la wilaya kabla ya kuunda kikundi kipya.

Kwa watoto kama wangu, ambao maneno hayatoki, mzazi atasema. Lakini nenda naye pale inapomfaa. Mwanangu hucheka kwa sauti anaposikia kengele ya mwenyekiti, na kuna diwani ambaye sasa huigonga mara mbili kwa ajili yake.

Kudai bajeti si siasa? Hatutaonekana wapinzani?

Ni haki ya mkazi. Tunakwenda kwa diwani wa chama chochote, hatuvai sare ya chama, na hatukubali hafla yetu igeuke jukwaa la kampeni. Wakati wa uchaguzi tunapeleka karatasi ileile kwa wagombea wote. Mtendaji akiogopa, mwonyeshe barua na sheria. Mara nyingi anachohofia ni kulaumiwa na wakubwa wake, na karatasi humpa kinga.

Kasma ikishapitishwa, tumemaliza?

Natamani ningejibu ndiyo. Baraza lilipopitisha ombi letu kulikuwa na vigelegele hadi nje ya ukumbi. Mwaka ukaisha, na fedha iliyotoka ilikuwa ya robo moja kati ya nne. Kutengwa na kutolewa ni vitu viwili tofauti. Mapato ya ndani yakipungua, mistari midogo ndiyo ya kwanza kukatwa, na mstari usioulizwa na mtu hukatwa kimyakimya.

Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Sasa tunapokezana. Kila robo wazazi wawili wanaenda, mmoja anaandika tarakimu za iliyotengwa na iliyotolewa, na siku ya pili tunampelekea diwani wetu na afisa ustawi wa jamii. Tunaangalia pia ripoti ya CAG inapotolewa hadharani kila Aprili, tuone halmashauri yetu imesemwaje. Mwaka uliofuata zilitoka robo tatu. Mtaalamu wa mazoezi tiba anakuja kituoni kwetu kila Jumatano, saa tatu hadi saa saba, na foleni yake huwa imeshajaa saa mbili unusu. Ombi la mwaka huu ni siku ya pili, Ijumaa. Muhtasari wa kijiji umeshasainiwa, na Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa wiki ya pili ya Novemba.